Waranti ya miaka 10, bili ya shilingi 410,000

Mlangoni mwa friji palikuwa na stika ya buluu yenye herufi kubwa: kompresa, miaka 10. Friji yenyewe, ya milango miwili, ilinunuliwa Kampala kwa shilingi 1,450,000 za Uganda ikapakiwa kwenye lori dogo hadi Busia, mji wa mpakani na Kenya, mwendo wa karibu kilomita 200. Mwezi wa 17 kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, ikafa. Madai yalichukua wiki 7. Yalikataliwa, yakapiganiwa, yakakubaliwa, na siku friji ilipowaka tena bili ilisoma shilingi 410,000. Hakuna aliyeibiwa. Kila shilingi ya bili ile ilikuwa imetajwa nyuma ya kadi ya waranti, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma siku ya kununua.

Ninachoandika hapa ni mwendo wa madai hayo tangu dukani, na pembeni yake friji ya jirani iliyonunuliwa upande wa Kenya na mashine ya kufulia ya shemeji aliye Tororo. Majina ya kampuni na maduka nimeyaacha, maana danadana za kampuni moja hazitofautiani sana na za nyingine.

Jambo la kushika mapema ni hili: anayepokea simu yako haamui kama friji imeharibika. Kazi yake ni kuangalia kama madai yako yanaingia kwenye mojawapo ya sababu tano za kukataa. Muda umeisha. Bidhaa ni ya nchi nyingine. Imegongwa au imetobolewa. Umeme. Imefunguliwa na fundi wa nje. Kila sababu ina ushahidi wake wa kuipinga, na mwingi wa ushahidi huo hupatikana kabla friji haijaharibika.

Dukani

Kadi ya waranti haikujazwa. Muuzaji aliipiga muhuri ikiwa tupu, akasema “mtajaza nyumbani.” Kilichookoa ni risiti, kwa kuwa ilikuwa ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulioanza 2021. Risiti hiyo ina namba ya hati, msimbo wa kuhakiki na kile kimraba cha kuskani kwa simu. Yeyote anaweza kuingiza namba hizo kwenye tovuti ya URA akaona tarehe, muuzaji na bidhaa iliyouzwa. Tarehe ikishakuwa kwa URA hakuna wa kuibishia. Risiti ya kuandikwa kwa mkono, kutoka kitabu ambacho mtu yeyote anaweza kuchapishiwa Nasser Road asubuhi na kukichukua mchana, haina nguvu hiyo. Ukiambiwa “bila risiti ya URA tunakupunguzia bei,” jua unauza waranti yako kwa punguzo hilo.

Hata hivyo risiti ya EFRIS ina pengo. Mara nyingi inataja modeli tu, haitaji namba ya friji hii mliyobeba. Kwa hiyo, kabla ya kutoka dukani, mwambie muuzaji aandike namba hiyo kwa kalamu juu ya risiti, atie sahihi na muhuri, kisha ajaze kadi palepale. Na ukifika nyumbani toa nakala. Risiti nyingi huchapwa kwa joto bila wino, na maandishi yake hufifia. Yetu ilikaa kabatini karibu na dirisha, na mwezi wa 17 nusu ya chini ilikuwa nyeupe kabisa. Picha iliyotumwa WhatsApp siku ya kununua, kwa ajili ya kujionyesha kwa ndugu, ndiyo iliyobeba madai yote.

Namba ya friji utaitoa wapi? Kwenye kibandiko cha kiwandani, ambacho kwa friji nyingi kiko ndani, ukutani, nyuma ya droo ya mboga. Vuta droo yote nje, piga magoti, washa tochi ya simu. Chetu kilikuwa na modeli, namba ndefu yenye herufi na tarakimu, kisha 220–240V, 50Hz, R600a 52 g, na herufi T peke yake pembeni. Kila kimoja kina maana. 50Hz ndiyo umeme wa Uganda. Friji ya 60Hz ilitengenezwa kwa soko jingine, na hapo waranti ya hapa usiitegemee. R600a ni isobutani, gesi inayoshika moto, na 52 ni gramu zinazotakiwa, si zaidi wala pungufu. T ni daraja la hali ya hewa: friji imepimwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 43. Ukikuta N peke yake, mwisho wake ni 32. Weka friji ya N kwenye jiko la bati lenye sigiri, Busia mwezi wa pili, itanguruma mchana kutwa bila kupumzika, nawe utaiita mbovu ilhali inafanya kilekile ilichoahidi.

Kibandiko hicho kipige picha siku ya kwanza. Boksi nalo, kabla watoto hawajaligeuza nyumba, kata ile sehemu yenye alama za mistari na namba uiweke pamoja na risiti.

Friji ya jirani ilinunuliwa upande wa pili wa mpaka, hatua chache tu kutoka kituo cha forodha, kwa sababu ilikuwa nafuu kwa takriban laki moja ya Uganda. Ilipoanza kuvuja maji na kupoteza ubaridi mwezi wa 8, kituo cha Kampala kiliomba namba, kikaitazama kwenye mfumo, kikajibu kwa sentensi moja kwamba ni ya Kenya. Wa Kenya wakasema wanahudumia bidhaa iliyo Kenya; irudisheni ng'ambo. Kurudisha friji mpakani bila karatasi za forodha ni mgogoro mwingine. Busia ndiko wengi husema jina boda boda lilikozaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu mpaka hadi mpaka, lakini waranti haipandi boda boda. Kwa mali iliyopitia Dubai ni hivyohivyo: uliza kabla ya kulipa, na uliza kituo cha huduma chenyewe kwa simu ukiwa bado umesimama dukani. Wasomee modeli na namba, waulize kama wanaitambua. Ni dakika 5.

Siku ilipokufa

Ilianza kwa sauti. Tak. Mngurumo mzito wa sekunde chache. Tak. Kimya cha dakika kadhaa, halafu tena. Taa ya ndani inawaka, barafu inayeyuka.

Sauti hiyo ina maelezo yake. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na kidude cha ulinzi kilichobandikwa ubavuni mwake kinakata kabla haijaungua. Kikipoa kinaruhusu tena. Sababu ni mojawapo ya tatu: umeme ni mdogo mno, kianzishio kimekufa, au kompresa yenyewe imekwama. Kianzishio ni kidude kidogo cha bei rahisi, na ndicho fundi mzuri hukiangalia kwanza. Ukiwa na friji ya inveta mambo ni tofauti, kwani huko kompresa huendeshwa na bodi ya elektroniki, na bodi hiyo kwa kawaida iko kwenye waranti fupi, si ile ya miaka 10.

Kabla ya kupiga simu popote, fanya haya kwa utaratibu. Zima, subiri dakika 5 ili shinikizo la gesi lisawazike ndani ya mabomba, washa tena. Jaribu soketi nyingine. Kama una gadi ya friji, kile kifaa cha kuikinga na umeme mbovu, tazama taa yake inasema nini. Omba mtu mwenye mita apime volti kwenye soketi wakati friji inajaribu kuanza, si wakati imetulia, maana waya mbovu huonyesha volti nzuri hadi mzigo uje. Kisha rekodi video ya sekunde 30, simu ikiwa karibu na kompresa ili tak-tak isikike, na uonyeshe kibandiko na soketi katika video hiyohiyo.

Chakula je? Usifungue mlango. Friza iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, upande wa chini kama saa 4 tu. Sisi tulifungua kila baada ya nusu saa kuangalia kama imepona. Kilo za samaki wa Ziwa Viktoria zilitupwa Jumatatu, na hakuna kadi ya waranti niliyowahi kuisoma inayolipia chakula.

Kosa lililokaribia kutokea ndilo linaloua madai mengi. Jirani, kwa wema, alimleta fundi wa mtaani na begi lake. Fundi akataka kutoboa bomba la kompresa “nione kama gesi ipo.” Angetoboa, madai yangeishia pale, kwa sababu alama ya vali kwenye bomba ni jambo la kwanza mtu wa kampuni atakalolipiga picha. Na kuna jingine baya zaidi. Mafundi wengi hubeba mtungi wa R134a pekee, gesi ya friji za aina nyingine, na huijaza kwenye friji ya R600a. Kompresa ya R600a haikutengenezwa kwa gesi hiyo. Itabebeshwa mzigo usio wake, itachemka, na mafuta yaliyomo ni ya aina nyingine. Itapooza vizuri wiki kadhaa, umsifu fundi, halafu ife. Mwombe fundi wa mtaa akupimie volti, akuandikie alichokiona, umlipe soda, basi. Kifuniko cha nyuma kisiguswe.

Simu, na mashine ya Tororo

Namba za bure za Uganda huanza na 0800. Busia simu ikidaka mtandao wa Kenya, namba hizo hazipiti, na mtu hukaa akidhani kampuni imefunga. Chagua mtandao wa Uganda kwa mkono kwenye mipangilio kwanza. Lugha nayo ni jambo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa Katiba tangu marekebisho ya 2005, lakini huko utasikia “press one” ya Kiingereza na Luganda. Omba mtu wa Kiswahili. Tulisubiri dakika 11 na tukampata, kijana wa Arua, aliyetusaidia kuliko wote waliofuata.

Usianze na hasira wala na historia. Anza na modeli, namba, tarehe ya risiti, mji ulipo, kisha dalili kwa maneno ya kile kinachosikika na kuonekana. “Kompresa inajaribu kuanza, inakata baada ya sekunde 5 hivi, volti kwenye soketi ni 238” inaandikwa kama ilivyo na kupelekwa kwa fundi. “Friji imeharibika, mmetuuzia takataka” inaandikwa “haipozi,” na fundi anakuja bila kipuri. Usikate simu bila namba ya kumbukumbu na jina la kwanza la uliyeongea naye. Bila namba hiyo, simu ya pili ni mwanzo upya. Kisha tuma barua pepe fupi kurudia yaliyosemwa, na kumbukumbu hiyo kwenye kichwa cha habari. Jibu la “tumepokea” lina tarehe, nayo utaihitaji.

Uliza pia, kabla hujakubali fundi aje, ada ya kumleta ni kiasi gani na ni nani anailipa asipokuta ubovu. Hapo ndipo mashine ya kufulia ya shemeji ilipomgharimu. Ilikuwa mpya kabisa, ikiandika IE kwenye kioo na kukataa kujaza maji. Kwa LG herufi hizo maana yake maji hayaingii inavyotakiwa. Kwa Samsung utaona 4C au 4E kwa tatizo hilohilo, na maji yasipotoka ni OE kwa LG, 5C au 5E kwa Samsung. Fundi alifika kutoka Mbale, akafungua bomba, akatazama juu. Tanki lilikuwa mita 2 juu ya mashine. Kila mita 10 za kimo ni kama baa 1 ya shinikizo, kwa hiyo mita 2 ni baa 0.2, na mashine nyingi zinataka angalau 0.5, yaani tanki lililo kama mita 5 juu, au pampu ndogo. Hakuna ubovu wa kiwanda, akatozwa ada ya safari. Aliyemuuzia hakumuuliza kama ana maji ya bomba ya Shirika la Maji au ya tanki.

Katika ziara hiyohiyo fundi alitoa nyuma ya mashine boliti 4 ndefu za usafirishaji ambazo hakuna aliyezijua. Zile hushikilia pipa lisigonge njiani. Ukiwasha zikiwemo, mashine itacheza ngoma sakafuni hadi ivunje kitu, na uharibifu huo hauko kwenye waranti. Zitunze, utazihitaji ukihama.

Fundi alipokuja, na kile alichoandika

Kwa friji, fundi alifika siku ya 12. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni. “Mama, naomba mnivutie friji mbele kidogo.” Akafungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa kompresa, akachomoa kianzishio, akakitikisa sikioni. Kilichovunjika hulia kama njugu ndani ya kopo. Hiki kilikuwa kimya. Akakipima, kizima. Kisha akaweka ncha za mita kwenye pini tatu za kompresa, mbili mbili kwa zamu, akisoma kwa sauti kana kwamba anajisemea: 13, 18, 31. Mwisho akagusa pini moja na bomba la shaba lililokwanguliwa. Mita haikusogea.

Tarakimu hizo tatu ndizo zilizoshinda madai haya, na tungeziacha zipite kama si kuzoea kuandika kila kitu. Ndani ya kompresa ya kawaida mna nyaya mbili za kuzungusha mota: ya kukimbizia na ya kuanzishia. Ukipima pini mbili za mwisho unapata jumla ya zote. 13 na 18 ni 31. Jumla ikilingana, na pasipo njia kutoka pini hadi mwili wa chuma, kwa kawaida nyaya hazijaungua. Volti zilikuwa 238, kianzishio kizima, nyaya nzima, na bado haizunguki. Kilichokwama ni chuma ndani.

Kabla hajaondoka tuliomba vipimo viandikwe kwenye kadi ya kazi, tukaipiga picha. Alisitasita kidogo, akaandika. Usimwachie fundi aondoke na kadi yenye sahihi yako huku sehemu ya maelezo iko tupu; itajazwa ofisini, na usipokuwepo sijui itajazwa nini.

Siku ya 15 ujumbe ukaja: madai yamekataliwa, kompresa imeungua kwa sababu ya umeme.

Siku hiyo ilikuwa chungu. Mtu unajisikia mjinga, kana kwamba umedanganya. Lakini “umeme” ni jibu rahisi kuliko yote Uganda, kwa sababu kila mtu anaamini. Volti hushuka jioni, hukatika, hurudi kwa kishindo; kampuni iliyoitwa Umeme ilikabidhi kazi ya kusambaza umeme kwa UEDCL, shirika la serikali, tarehe 1 Aprili 2025 na transfoma za mitaani zikabaki zilezile. Basi usibishane kuhusu umeme kwa jumla. Bishana kuhusu kompresa hii. Barua ya kukata rufaa ilikuwa na aya tatu tu: vipimo vya fundi wao wenyewe kutoka kadi yao wenyewe, maelezo kwamba kompresa iliyoungua kwa umeme kwa kawaida haionyeshi nyaya nzima namna hiyo, na picha ya gadi ya friji iliyokuwa imefungwa tangu siku ya kwanza pamoja na risiti yake. Tuliomba watutajie ni kipimo gani kinachoonyesha umeme. Nakala ikaenda kwa ofisi ya kanda ya mtengenezaji, ambayo anwani yake iko kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwisho ambao watu hufungia maandazi.

Gadi hiyo ilistahili bei yake kwa karatasi tu, mbali na kazi. Nayo kazi yake ni kukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na kuchelewesha kama dakika 3 kabla ya kurudisha. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza huku shinikizo upande mmoja likiwa bado juu. Mota inakwama, inachemka. Zile dakika 3 ndizo ulinzi wenyewe. Stebilaiza isiyo na ucheleweshaji huo haimalizi kazi.

Kama kweli ni umeme umeunguza vitu, na mara nyingi utaona redio, chaja na balbu vimekufa saa ileile, mlango ni mwingine: ripoti UEDCL siku hiyohiyo upate namba ya malalamiko, andikisha majirani walioathirika, na wasipojibu kuna ERA, mamlaka inayodhibiti umeme.

Barua kwa duka

Wiki moja kimya. Hapo tulifanya lile ambalo lingefanywa mwanzo: kuacha kumfuata mtengenezaji peke yake. Uliyempa fedha ni muuzaji. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, ni muuzaji anayewajibika kwamba bidhaa ina ubora na inafaa kwa kazi iliyouziwa. “Nendeni kwa kampuni, sisi tunauza tu” ni maneno ya dukani, wala hayamwondolei wajibu huo.

Na mahakama ya madai madogo ipo, kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Mawakili hawaruhusiwi kuwasemea watu, ambayo ni nafuu kubwa. Kwanza unampa mdaiwa notisi ya maandishi ya siku 14. Notisi yetu iliandikwa kwa ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, namba ya hati ya EFRIS, ubovu, vipimo, tulichoomba, na tarehe ya mwisho. Haikutukana mtu. Ikapelekwa dukani kwa mkono na binamu aliye Kampala, nakala ikasainiwa na kupigwa muhuri wa kupokea. Kupeleka na kurudi kwa teksi na boda ilikuwa shilingi 14,000, fedha iliyofanya kazi kuliko nyingine yoyote katika sakata hili. Siku ya 8 ya notisi duka lilipiga simu, likiwa limeshaongea na kituo cha huduma. Kompresa imekubaliwa.

Bili

Kisha ikaja bili. Waranti kamili, ya vipuri na kazi, ilikuwa ya miezi 12. Miaka 10 ni ya kompresa peke yake, kile chuma cheusi, kikiwa mkononi. Safari ya fundi kutoka Kampala 150,000. Kazi 120,000. Gesi na kuvuta hewa 90,000. Chujio la kukausha 25,000. Viungo vya mabomba 25,000. Jumla 410,000. Tuliomba safari ipunguzwe kwa kuunganisha na kazi nyingine ya Tororo, wakakataa. Njia ya kuipunguza ni kupeleka friji mwenyewe, ikiwa imesimama wima, na lori la kurudi tupu kutoka mpakani hubeba kwa bei ya maelewano. Ikilazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Na kama wakala anakuuliza unapendelea lipi, miaka 10 ya kompresa au miaka 2 ya kila kitu, chukua miaka 2.

Siku ya matengenezo simama pembeni utazame vitu vitatu. Chujio jipya, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa la zamani limenyonya unyevu, na likirudishwa, maji huganda kwenye bomba jembamba la kapilari na friji “inaishiwa gesi” ndani ya mwezi. Pampu ya kuvuta hewa, ikinguruma nusu saa au zaidi. Fundi anayesafisha mabomba kwa kupuliza gesi kidogo anaacha hewa ndani. Na mizani. Gesi ya R600a hupimwa kwa uzito, kwa kuwa kwenye mabomba ya upande wa shinikizo dogo, shinikizo lake liko karibu na la hewa ya kawaida au chini yake, na geji haisemi mengi. Mtungi mdogo uliwekwa juu ya mizani ya kidijitali, vali ikafunguliwa, tarakimu zikashuka polepole hadi gramu 52 zikawa zimeondoka, akafunga. Madirisha yalikuwa wazi, jiko la mkaa limetolewa nje, na viungo akavibana kwa koleo bila moto. Akija na mtungi wa kuchomelea huku gesi bado imo, mzuie.

Kompresa ya zamani aliondoka nayo, wanaidai. Tulipiga picha namba yake na ya mpya. Kwenye kadi ya kazi aliandika siku 90 za waranti ya kazi yake, baada ya kuombwa, wasipoombwa hawaandiki. Ile mpya haikuanza miaka 10 yake. Imerithi iliyobaki, miaka 8 na miezi 5, na hilo nalo limeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya kwanza, na safari hii muhuri umepigwa juu ya maandishi.